Aliyeshika Kiota

Watu wa Kambu wakikueleza habari za Kisilu na Kihara, watakuambia ni vijana wawili waliokwenda Nairobi kucheza gemu wakarudishwa. Halafu watapunguza sauti wakuambie kuna msichana anauza matikiti pale ng'ambo ya barabara, kwamba yeye ndiye aliyewaroga. Msichana huyo ni mimi. Sijui kuroga. Ningejua, ningeanza na madereva wa malori wanaonitimulia vumbi kwenye matikiti yangu kutwa nzima.

Jina langu ni Kavata. Kibanda changu kinatazamana na chumba cha gemu cha Wangechi, ambaye sote tunamwita Mama Kihara. Mama Kihara alikuja Kambu kutoka Nyeri na mtoto mgongoni. Akaanza na mitumba, akahamia kwenye kutengeneza simu, akaishia na chumba chenye skrini tatu, feni moja na kalenda ya kanisa. Yule mtoto wa mgongoni ndiye Kihara. Amekulia hapa hapa, anaongea Kikamba kutushinda sisi tuliozaliwa nacho, na akikasirika anatukana kwa Kikamba ili mama yake asielewe. Mama yake anaelewa. Ananyamaza tu kwa sababu ya wateja.

Kisilu ni mtoto wa jirani yetu, Nduku. Mimi na yeye tulikulia mwethyani, kando ya sufuria moja, na hapo lazima nisimame kidogo nieleze. Kama wewe ni wa Kitui au Makueni, paruke hapa, unapajua.

Mwethya ni kikundi cha kulimiana. Leo tunakwenda wote shambani kwa huyu, siku nyingine kwa yule, mpaka kila nyumba ipate zamu yake. Kazi kubwa ni kuchimba mitaro ya kuzuia maji. Udongo unautupa upande wa juu, ndiyo maana mitaro yenyewe inaitwa fanya juu. Mvua ya kwetu si ya kuchezea. Usipoizuia inateremka na shamba lako lote mpaka mtoni, na wewe unabaki na mawe. Basi wanawake wanachimba, na mmoja anabaki kivulini na watoto wao wote na sufuria ya isyo, mahindi na maharage. Kihara huiita githeri ili atuudhi.

Kikundi chetu kina desturi yake, na sijui kama wengine wanayo. Jioni kabla ya watu kutawanyika, mwenyekiti anataja jina la kila aliyekuja. Mwenye shamba anajibu, "Alilima." Jina la yule aliyeshinda kivulini likitajwa, mwenye shamba anajibu vile vile, "Alilima," na hakuna anayecheka, maana kila mama pale anajua angechimba nini na mtoto analia. Mwenye shamba akinyamaza, siku yako imekwenda na maji, na zamu yako ikifika usingoje jembe la mtu. Hapo awali nilikuwa nimeliona jambo hilo mara moja tu, wakati Kanini alipokuja amelewa akalala mtaroni hadi jioni. Mwenye shamba alinyamaza. Kanini alihamia kwa dada yake Mbumbuni, na hata harusi za huku haji.

Mwenyekiti wetu ni mama yangu, Kanyiva. Goti lake moja limekataa kukunjika, kwa hiyo anakuja na kiti chake, anataja majina, na mimi ndiye ninayefanya kazi kwa niaba ya nyumba yetu. Kaka zangu wawili wako Mombasa. Hakuna siku tuliyokaa kikao tukaamua nani abaki na mama. Mmoja aliondoka, wa pili akaondoka, na mimi nilipogeuka kutazama nikakuta nimebaki. Na kwa kuwa watoto wananipenda, wanawake walinipa sufuria. Kwa hiyo mimi ni mtu wa kivulini, na sikuwahi kuona aibu.

Sasa gemu. Ilikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hakuna aliyelishika. Sisi tuliiita Kiota. Mnacheza watatu. Katikati ya skrini, kwenye ufa wa jabali, kuna kiota kinachowaka mwanga wa kijani, na ndani yake mayai yanayopumua. Mnyama aliyeyataga humwoni. Amekwenda wapi, gemu haisemi. Kutoka kila upande wanakuja viumbe vyenye kucha ndefu na mgongo mweupe, na sisi tulivibatiza nyegere pale pale, maana nyegere wa huku wanajulikana kwa kuvunja mizinga ya watu. Mkiwaacha wafike, mwanga unageuka manjano, kisha mwekundu, kisha kiota kinazima na gemu imekwisha.

Siku za mwanzo kilikuwa kinazima kwa kila mtu. Vijana walipiga nyegere kama wendawazimu, wakashangilia, na walipogeuka nyuma palikuwa na giza. Mimi nilikuwa nasikia kelele zao kutoka kibandani, nikadhani ni mpira.

Siku moja jua lilikuwa kali na hata malori hayakusimama. Nilivuka barabara kutafuta feni. Mwenzao wa tatu alikuwa ameitwa nyumbani, na Kisilu akanitupia rimoti.

"Kavata, kaa hapo na usiguse kitu," alisema. "Tunataka tu mtu wa kujaza nafasi."

Nikagusa. Mtu akiniambia nisiguse, mkono unaniwasha. Yule mtu wangu wa kwenye skrini alikuwa amesimama kando ya kiota, nami nikamwinamisha akaweka mikono yote miwili juu ya mayai. Mwanga ukapanda. Ukapanda mpaka ukajaza ule ufa wote, na mishale ya Kisilu na Kihara ikaanza kuwaka kijani, na kila nyegere aliyeguswa akalala chini.

"Aiya! Umefanya nini?" Kihara alipiga kelele.

"Nimeshika."

"Basi shika hivyo hivyo! Usiachilie!"

Hivyo ndivyo tulivyogundua. Aliyeshika kiota hawezi kupiga hata nyegere mmoja, lakini bila yeye wenzake wanapiga upepo. Hakuna timu nyingine iliyocheza namna hiyo, kwa sababu nani atakubali kwenda kwenye gemu akashike mayai? Kwetu halikuwa jambo la ajabu. Kisilu mwenyewe alisema, "Hii ni mwethya tu. Kavata abaki na sufuria, sisi tuchimbe."

Na mimi nilikipenda kile kiota. Nasema wazi, cheka ukitaka. Rimoti ilikuwa inatetemeka taratibu mikononi mayai yakipumua, na nilijua yakiwa na njaa, nilijua yakiwa yameshiba. Kuelekea mwisho, nyegere wakija kwa wingi kabisa, mwanga ulikuwa unageuka mweupe na mtetemo unakuwa wa haraka haraka. Hapo inabidi uinue mikono kidogo tu, kama unavyoinua kifuniko isyo ikitaka kumwagika, halafu urudishe. Ukikazana kushika, mayai yanaungua. Nilijifunza hilo peke yangu. Wenzangu hawakuniuliza, na mimi sikuwa na haja ya kueleza. Wao walitazama nje na mimi nilitazama migongo yao.

Gemu ikiisha, skrini inaandika kila mtu amepiga wangapi. Kisilu wengi, Kihara wengi, Kavata sifuri. Tulifanya mchezo wetu hapo. Kihara alikuwa anaigiza sauti ya mama yangu, anasema kwa ukali, "Kavata wa Kanyiva!" na Kisilu anajibu kwa sauti nzito ya mwenye shamba, "Alilima!" Mama Kihara alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Kila mchana, gemu baada ya gemu, na sikuchoka kulisikia neno lile. Nyumbani kwetu hakuna mtu anayelisema.

Kisha tangazo likaja kwamba kungekuwa na mashindano Nunguni. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa inatafuta timu ya watu watatu. Watakaoshinda wangechukuliwa, wapewe nyumba ya kukaa, wafundishwe na kuchezea kampuni mwaka mzima.

Nilitaka kwenda. Sitazunguka. Nilitaka kuamka siku moja mahali ambapo hakuna anayejua bei ya tikiti, mtu aniulize kazi yangu nami nimjibu. Nilimwendea mama nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata maneno makali nilikuwa nimeshayapanga.

"Nenda," mama alisema.

"Na wewe?"

"Mimi nimekuwa mlango wa kulindwa? Nitakwenda wapi? Nduku ataniletea maji."

Nduku alikuwa pale pale anapura ndengu na Kisilu. Akainua kichwa akasema, "Kavata, nenda na roho safi. Mama yako ni dada yangu. Kisilu akienda na wewe hata mimi nitalala." Yale maneno niliyokuwa nimeyapanga yakakosa kazi. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo.

Siku ya kuondoka tulisimama mlangoni kwa Mama Kihara, na Kisilu akanyoosha mkono. "Tusikilizane," akasema. "Hii ni mwethya. Tunaenda wote ama hatuendi." Kihara akaweka mkono wake juu, nami nikaweka wangu. Mama Kihara akatuombea kwa Kikuyu, maombi marefu, na Kihara akanong'ona kwamba karibu nusu yake yalimhusu yeye na mazoea yake ya kuchelewa kuamka.

Nunguni ni Makueni kama sisi, lakini ukifika utadhani umevuka mpaka. Kuna ukungu, kuna baridi, watu wamevaa makoti mchana. Mashindano yalikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Mchungaji alitaka kujua kwanza kile kinachowaka ni nini, asije akafungua mlango kwa pepo. Kisilu akamwambia, "Ni mayai, Pastor. Mama yao hayuko, sisi tunayachunga." Mchungaji alifikiri, akasema hilo halina ubaya, akayaombea mayai ulinzi wa Mwenyezi. Watu wote wakasema amina.

Tulishinda. Sitaki kukuchosha na ilivyokuwa. Wa mwisho walikuwa vijana wa Mbumbuni, wapigaji hodari kweli, wamevaa fulana za aina moja. Kiota chao kilizima mapema. Chetu kiliwaka mpaka kuta za ukumbi zikawa kijani, na kina mama wa kanisa waliokuwa jikoni wakaja kuchungulia na mwiko mkononi. Mwanga ulipogeuka mweupe nikainua mikono, nikarudisha, na nyegere wa mwisho akaanguka. Kisilu alinikumbatia mpaka akanikanyaga.

Aliyetumwa na kampuni alikuwa msichana wa rika langu, Cheryl, mwenye kompyuta mapajani na uso mzuri usio na nongwa. Ningependa kukuambia alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alitupongeza, akatuketisha, akageuza kompyuta tuone.

"Kisilu, wewe uko juu sana. Kihara pia, moto," alisema. Kisha akakunja kipaji cha uso. "Na huyu Kavata? System inasoma zero. Rimoti ilikuwa mbovu?"

"Alikuwa anashika kiota," Kihara alisema.

"Sawa, lakini amepiga ngapi?"

"Hapigi. Anashika."

Cheryl akanitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu anayemwona mwenzake amepoteza tikiti ya gari. "Wacha niwe honest na nyinyi. Mimi napeleka namba ofisini, na ofisi inaangalia namba. Siwezi peleka mtu ako na zero. Lakini hii isiwaharibie. Tuko na mchezaji mwingine Nairobi, anaitwa Mutie, mpigaji mzuri sana. Nyinyi wawili mkuje, yeye awe wa tatu."

Hapo ndipo nilipotambua upumbavu wetu. Miezi yote ile tulidhani kila anayehesabu kazi anahesabu kama mwethya. Hatukuwahi hata kujiuliza. Lakini sikuogopa bado, maana mkono wa Kisilu nilikuwa nimeushika mlangoni kwa Mama Kihara. Nikamgeukia. Nikangoja aseme.

"Sisi tuliambiana tunaenda wote," Kisilu akasema, lakini alikuwa anaiambia meza.

"Nawaelewa kabisa," Cheryl akasema. "Ni vile lazima nipeleke majina leo. Kama hamuwezi, ni sawa, niongee na hawa wa Mbumbuni."

Wale wa Mbumbuni walikuwa wamekaa pale pale nyuma yetu na fulana zao za aina moja. Kihara aliuma midomo, akatazama dari. Kisilu akajisugua shingo. Kisha akanigeukia na uso wa mtu aliyeokota kitu chini bila kutarajia.

"Lakini Kavata," akasema, "wewe si uko na mama wa kuangalia?"

Nilimtazama. Alijua mama yangu amenipa ruhusa. Alijua ni mama yake yeye aliyejitolea kumchunga. Alikuwapo. Na bado alilitoa lile neno kwa upole, kama mtu anayenikumbusha nisisahau sweta. Laiti angesema, "Kavata, nimetamani, nisamehe," ningelia, ningemtukana, na siku moja ningemsamehe. Lakini alichukua mzigo niliotwishwa na kaka zangu akaugeuza uwe sababu yangu mimi ya kubaki.

Nilitoka nikasimama kwenye ukungu hadi wakamaliza kutoa majina yao. Mama mmoja wa kanisa aliniletea chai, akadhani nimeshindwa, akaniambia Mungu ana mpango. Nikamwambia asante.

Waliondoka wiki ile ile. Kisilu alinipigia simu, sikupokea. Akatuma ujumbe, nikafuta kabla ya kusoma. Mama Kihara alivuka barabara akanunua tikiti asilolihitaji, akasimama pale akilipapasa. "Mtoto wangu amekosea," akasema. "Nimemwambia." Nilimpenda kwa hilo, lakini hakumwita arudi. Na mama yangu alipoona begi langu limerudi mahali pake ukutani, alisogeza kiti chake karibu na jiko akanimenyea viazi. Nduku peke yake ndiye aliyefurahi bila kujificha. Mwanawe alikuwa ameahidi kumjengea tangi la kuvuna maji ya mvua, na kila aliyepita njiani alionyeshwa mahali tangi litakapokaa.

Zamu ya Nduku ya mwethya ilianguka Jumamosi, kabla ya mvua. Nilikwenda. Mtu asiniambie ningekataa. Mwethya haukatai kwa sababu umegombana na mtoto wa mwenye shamba. Wanawake walishuka na majembe na sururu, mama akawekewa kiti chake ukingoni, nami nikapewa sufuria na watoto kama kawaida. Mdogo kuliko wote alikuwa Kathini, mjukuu wa Nduku, mtoto wa dada yake Kisilu. Alikuwa anaota meno na hataki kulala ila mgongoni. Nikamfunga kwa leso nikaendelea kukoroga.

Siku hiyo hiyo, mchana, Kisilu na wenzake walikuwa wanacheza mechi yao kubwa ya kwanza, na ilikuwa inaonyeshwa moja kwa moja kwenye simu. Nduku alikuwa ameegemeza simu yake kwenye bonge la udongo juu ya mtaro. Anachimba, anachungulia, anachimba. Wanawake walimtania kwamba leo analima kwa jicho moja. Nilisikia kelele za nyegere mpaka kule kivulini, na nilisikia kiota kinadhoofika. Mtu aliyekishika muda mrefu hahitaji kuona.

Kisha zikaja kelele za mapumziko, na simu ikalia. Nduku akaongea, akatupa jembe, akapanda kunifuata, matope hadi magotini.

"Kavata, ni Kisilu. Anakutaka."

"Mama Kisilu, mimi napika."

"Kavata!" Machozi yalikuwa karibu. "Wakishindwa leo wanarudishwa. Wameambiwa. Ongea na yeye tu."

Majembe yalikuwa yamesimama. Wanawake wote walikuwa wanatazama, na mama yangu pia, kutoka kwenye kiti chake. Nikapokea simu.

"Kavata, usikate, tafadhali," Kisilu alisema. Alikuwa anahema. "Mutie amekubali kushika. Anashika vizuri tu, lakini tukifika mwisho kiota kinachomeka. Kinakuwa cheupe halafu kinazima. Wewe ulikuwa unafanya aje? Niambie tu hiyo. Tunarudi ndani saa hii."

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Ikitetemeka haraka, inua. Mtoto wa shule ya chekechea angelishika. Lilikuwa mdomoni mwangu, nilikuwa nalionja. Nilimfikiria Nduku na tangi lake. Nikamfikiria Kihara aliyejaribu, ingawa alijaribu kidogo. Na nikangoja, nasema kweli, nikangoja Kisilu aseme kitu kingine chochote, hata jina langu tu, bila kuuliza.

"Kavata? Haraka basi, wanatuita."

"Kisilu," nikasema, "mimi si niko na mama wa kuangalia?"

Nikamrudishia Nduku simu.

Hakunitukana. Alishuka nayo mpaka mtaroni, na wanawake wakamzunguka wakatazama pamoja, wamejishikiza kwenye mipini. Mimi niliwapakulia watoto. Nilisikia mishale, nilisikia nyegere wanakuja kwa wingi, kisha nikasikia ule mlio mwembamba wa mwanga kuwa mweupe. Mikono yangu ikainuka yenyewe kutoka kwenye mwiko. Ya Mutie haikuinuka. Kelele zikakatika, na mwanamke mmoja akasema, "Woi."

Nduku akaifunga simu kwenye pindo la leso, akaokota jembe. Alichimba kuliko wote mchana ule. Nilipompelekea chakula alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akakiweka chini, na jioni kilikuwa bado pale kimeingia sisimizi. Moyoni nilikuwa na hasira bado, na juu ya hasira palikuwa na kitu kingine kizito ambacho sikutaka kukitazama.

Jua liliposhuka mitaro ilikuwa imekamilika, mizuri, imenyooka. Wanawake walifuta majembe kwa majani, wakasimama nusu duara mbele ya kiti cha mama. Nami nikaja na watoto nikasimama mwisho. Mama akaanza kutaja majina. Nduku alisimama kando yake, mikono imekunjwa, akajibu kila moja kwa sauti wazi. Alilima. Alilima. Alilima.

"Kavata wa Kanyiva," mama akasema.

Nduku alitazama mitaro yake. Upepo ulipeperusha pindo la leso yake, pale alipofungia simu, naye akalishika. Nilifikiri hakusikia, na nadhani kila mtu alijaribu kufikiri hivyo.

Mama akataja jina langu mara ya pili, chini chini, jinsi alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo nikichelewa kuamka. Ni mwenyekiti. Desturi ile aliikuta, hakuitunga yeye, na hakuna mwenyekiti anayejibu kwa niaba ya mwenye shamba. Alingoja. Niliona mkono wake unapapasa lile goti bovu.

Kisha akataja jina lililofuata, na Nduku akajibu, "Alilima."

Nilibaki nimesimama pale pale hadi mwisho, sikuweza kwenda popote. Mjukuu wa Nduku alikuwa amelala mgongoni mwangu, na hakuna aliyekuja kumchukua.